Koili hudanganya ikiwa baridi

Aibu bado haijaniisha. Wiki hii sina umbeya wa nani kamwacha nani, wala nani kavaa nini ukumbini. Harusi imo, ndiyo, lakini aliyesubiriwa kwa hamu kuliko bi harusi mwenyewe ni gari. Vuta kigoda, nikupe mkanda mzima.

Mjomba wangu wa Magomeni ana Peugeot 504 ya mwaka 1976, rangi ya maziwa, taa za mbele zimelala upande kama macho ya mtu aliyekesha baa. Masela wa mtaani wanaiita mkweche. Thubutu kumwambia Mjomba hivyo usoni, utakula somo mpaka magharibi. Atakwambia Wafaransa waliitoa gari hiyo mwaka 1968, na 1969 ikachaguliwa Gari la Mwaka la Ulaya. Atakukumbusha kwamba Bert Shankland, dereva wa hapa hapa Tanzania, alichukua Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967 akiwa na Peugeot 404, kaka yake huyo mkweche. Halafu mwaka 1975 Ove Andersson wa Sweden akaja kuichukua na 504 yenyewe. Akimaliza anakutazama juu mpaka chini: "Haya, hilo la kwako la mkopo limeshinda nini?"

Usicheke. Gari hilo ndilo linalomlisha. Mjomba ni mstaafu, na maharusi wa mjini siku hizi wanazimia magari ya zamani kwa ajili ya picha. Jumamosi mbili tatu kwa mwezi anafunga riboni, anavaa koti lake la kijivu, anakwenda kubeba maharusi. Hela ya dawa ya shangazi inatoka humo. Umeme wa luku, humo humo. Na mimi, mtoto wa dada yake, nikichacha nakimbilia kwenye chungu hicho hicho.

Basi bwana, tangu mwanzoni mwa mwaka gari likaanza vituko. Asubuhi unagusa stata kidogo tu, linanguruma. Unatoka Magomeni safi, resi zinakubali, unajiona bosi. Ukifika Mwenge, jua la utosi, foleni imeganda, dakika kama 25 tangu uwashe, linaanza kumisi. Pu! Pu-pu! Nguvu zinaisha, sailensa inapotea, halafu kimya. Unapiga stata, inazunguka vizuri tu, lakini injini haishiki ng'o. Mnasukuma pembeni huku daladala na bodaboda zikiwatukana kwa honi. Mnakaa robo saa. Unapiga stata tena, linawaka kama vile si lenyewe lililowaumbua!

Fundi wetu ni mzee wa haja. Gereji yake iko chini ya mwarobaini, na alikuwa anafungua injini za Peugeot kabla mimi sijazaliwa. Naye hakukisia hovyo. Alisema petroli inachemka njiani, inageuka mvuke, pampu inabaki kuvuta hewa. Jambo hilo lipo kweli kwenye magari ya kabureta, na hali ya hewa ya Dar unaijua mwenyewe. Akatushauri tukizimikiwa tuweke kitambaa kibichi juu ya pampu. Tukaweka. Tukasubiri robo saa. Likawaka! Tukapigiana makofi, tukiamini mchawi kapatikana.

Pampu ikabadilishwa, shilingi 60,000. Gari likazima. Plagi nne mpya, 32,000. Likazima. Tangi likashushwa, likaoshwa, 30,000. Likazima. Kabureta ikafunguliwa yote na kusafishwa, 50,000. Siku mbili raha mustarehe, ya tatu likazima. Jumla 172,000, na bado Mjomba anatembea na ndoo ya maji kwenye buti kama muuza samaki.

"Na koili je?" niliuliza siku moja, kwa kujifanya najua.

Fundi akachukua tesita yake, akagusa huku na huku, tesita ikalia. "Inasoma, mwanangu. Koili nzima. Halafu si mpya hii? Si wewe mwenyewe uliyeileta?"

Nikasema ndiyo, mpya. Nikanyamaza. Kumbuka hapo niliponyamaza, maana tutaparudia.

Sasa sikia balaa. Jumamosi moja mwezi uliopita gari likazima pale pale Mwenge likiwa na bi harusi ndani. Dakika kumi za kwanza watu walivumilia. Ya kumi na tano wapambe wakaita bajaji. Fikiria, shela lote lile ndani ya bajaji, linapepea nje kama bendera ya meli! Kuna mwenye simu akachukua video, na jioni ile ile ilikuwa imezunguka mpaka kwa ndugu zetu wa Morogoro. Wiki iliyofuata wateja wawili wakapiga simu kuahirisha, kwa lugha ya kistaarabu ile ya "tutakujulisha". Ikabaki kazi moja tu, na advansi yake ilishaliwa.

Jumatatu nikakuta wanunuzi wa chuma chakavu wamesimama uani. Wanalizunguka gari taratibu, wanaligongagonga, wanapiga hesabu ya kilo. Mjomba amekaa kizingitini, kimya. Hakutaja Safari Rally wala Wafaransa. Msomaji wangu, nimewahi kumwona Mjomba akikasirika na kumwona akilia msibani, lakini sijawahi kumwona amenyamaza vile. Nikawaambia wale jamaa warudi wiki ijayo, nikatoka mbio.

Nilikimbilia kwa binti mmoja anayetengeneza redio, runinga na inveta kwenye kibanda jirani na kijiwe chetu. Umri wake kama wangu, ila yeye shule ilimwingia. Mezani kwake huwa namwona na kimashine chenye skrini, mistari inapanda na kushuka kama kile kipimo cha moyo hospitali. Kinaitwa osiloskopu. Zamani kilikuwa dude zito lenye kioo kirefu, na asili yake ni bomba la kioo alilobuni Mjerumani Karl Ferdinand Braun mwaka 1897. Siku hizi kuna vya kushika mkononi, ukubwa wa simu nene.

Nikamweleza. Akauliza swali moja tu: "Likizima, mmeshawahi kuangalia kama moto upo kwenye plagi? Pale pale, kabla halijapoa?"

Tulikuwa hatujawahi. Mwaka mzima tulikuwa tunapima gari likiwa limeshapoa, limeshapona! Ni sawa na kumpeleka mgonjwa wa homa za jioni kwa daktari asubuhi.

Alipofika chini ya mwarobaini vijana wa gereji wakaanza vicheko. "Dada, hapa hatutengenezi redio." Yeye akampitia Fundi kwanza. "Shikamoo mzee." "Marahaba mwanangu." "Naomba unifundishe gari hili, mimi sijui magari, najua umeme tu." Fundi akalainika palepale, akafungua boneti mwenyewe.

Kabla sijakwambia alichokiona, ngoja nikupe darasa dogo nililopewa mimi, maana bila hilo mistari ile ni ushanga tu.

Betri ya gari ni volti 12. Cheche haiwezi kuruka kwenye plagi kwa volti 12, inataka maelfu. Anayezileta hizo elfu ni koili, kile kikopo cha mviringo chenye waya nene katikati. Ndani yake kuna nyaya mbili za shaba zimezungushwa kwenye chuma. Moja nene kiasi, mizunguko mia kadhaa. Nyingine nyembamba kama unywele, mizunguko maelfu kwa maelfu. Umeme wa betri unapita kwenye ile nene na kukipa chuma nguvu ya sumaku. Halafu pointi zilizomo kwenye distribyuta zinaachana, umeme unakatika ghafla, sumaku inaporomoka, na kuporomoka huko kunasukuma volti kubwa kwenye waya mwembamba.

Umewahi kupiga manati? Unavuta mpira taratibu, unaachia ghafla. Bila kuachia ghafla jiwe haliendi. Koili ndiyo hivyo hivyo. Pointi zikifunga inavuta, zikifunguka inaachia. Kondensa, kale kakopo kadogo pembeni, kazi yake ni kuhakikisha umeme unakatika kwa ghafla bila kuruka cheche kwenye pointi zenyewe. Mpango huu ulibuniwa na Mmarekani Charles Kettering, ukaingia kwenye Cadillac za mwaka 1910, na magari mengi ya petroli yaliutumia kwa miaka zaidi ya 60.

Tena kasi yake siyo ya mchezo. Injini ya silinda nne ikiwa sailensa, mizunguko 800 kwa dakika, koili inatoa cheche karibu 27 kila sekunde. Ukikanyaga mpaka 3,000, ni cheche 100 kwa sekunde. Jicho haliwezi kuona hiyo, wala tesita ya sindano. Ndiyo maana ya skrini.

Binti akaunga waya ya kimashine kwenye upande wa hasi wa koili, pale waya wa kwenda distribyuta ulipofungwa. Hakuunga moja kwa moja. Alipitisha kwanza kwenye kipunguzi cha mara 20. "Pointi zikifunguka hapa panaruka volti 300 na zaidi," akasema. "Zikiingia kwenye skrini hivi hivi, nimekula hasara." Ukigawa 300 kwa 20 ni 15, mashine inavumilia. Waya nene ya katikati hakuigusa kabisa. Alitwambia na sisi tusiiguse, maana mle mna maelfu na gari la zamani halina huruma. Kwenye waya ya plagi namba 1 akazungushia tu foili juu ya mpira wake, mashine ijue silinda ipi imeanza. Zinazofuata zinakuja kwa mpangilio wa injini hiyo: 3, 4, 2.

"Washa."

Nikawasha. Vijana wakaacha spana wakasogea.

Picha ikatulia. Binti akatusomea kama anavyosoma kadi ya mwaliko. Kwanza mstari uko chini kabisa, umelala: hapo pointi zimefunga, koili inavuta. Halafu mstari unaruka juu kama mwiba: pointi zimeachana. Unashuka, unatulia kidogo kwenye ngazi: hapo cheche inawaka kwenye plagi. Inadumu kama milisekunde moja na nusu, yaani sekunde moja uikate vipande elfu, uchukue kimoja na nusu. Cheche ikizima, mstari unatikisika: juu, chini, juu, chini, kila wimbi dogo kuliko lililotangulia, mpaka unalala.

"Haya mawimbi ya mwisho ndiyo ninayoyataka," akasema. "Hesabuni."

Tukahesabu kwa sauti kama watoto wa chekechea. Matano.

"Mzee," akamgeukia Fundi, "mama akinunua chungu sokoni anafanyaje?"

"Anakigonga kwa kidole."

"Kizima?"

"Kinalia ngiii."

"Chenye ufa?"

"Pwa."

"Basi kila pointi zikifunguka tunaigonga koili. Ikiwa nzima, inalia mawimbi manne, matano. Ikiwa na ufa ndani, nyaya zikigusana mahali zisipotakiwa, inasema pwa."

Matano. Koili nzima. Fundi akanitazama kwa jicho la nilikwambia. Mimi nikashusha pumzi, kwa sababu zangu mwenyewe.

Lakini binti hakufungasha. Akavuta ndoo, akaikalia. "Tusubiri lipate homa."

Tukasubiri. Dakika ya kumi, mawimbi matano. Ya kumi na tano, manne. Gari bado linanguruma vizuri, hakuna aliyehisi kitu. Ya ishirini, matatu. Ile ngazi ya cheche ikaanza kufupika, na mwiba ukawa mfupi. Dakika ya ishirini na tatu yakabaki mawimbi mawili, na injini ndipo ikatoa ile sauti yetu tuliyoizoea. Pu! Pu-pu!

Gereji yote kimya. Tulikuwa tumeuona ugonjwa unakuja kabla mgonjwa hajakohoa.

"Angalieni silinda zote nne," akasema haraka haraka. Zote zilikuwa zinaugua sawasawa. Ingekuwa plagi mbovu au waya mmoja wa plagi, ingeugua silinda moja na nyingine zingekuwa nzima. Zikiugua zote pamoja, mchawi ni kifaa kinachohudumia zote: koili, kondensa, pointi au rota. Na petroli je? Petroli ikikosekana gari linazima, lakini haikiondolei chungu mlio.

Akabadilisha kondensa, kwa sababu kondensa mbovu nayo inaharibu mawimbi. Tukawasha kabla injini haijapoa. Yale yale mawili. Kondensa haina kosa. Akazima swichi, akaomba kile kitambaa kibichi cha Mjomba, ila safari hii hakikuwekwa kwenye pampu. Kilizungushiwa kikopo cha koili, dakika tano, kikafutwa kikauka. Washa. Mawimbi manne! Injini bado ya moto, pampu bado ya moto, petroli ile ile. Kilichopoa ni koili peke yake.

Fundi akavua kofia, akajikuna. "Kumbe siku zote kile kitambaa..."

"Kilikuwa kinawapa robo saa ya kusubiri, mzee. Koili ndiyo ilikuwa inapoa."

Hapo ningeweza kumaliza stori na kukwambia nunua koili mpya. Lakini binti alikuwa na swali lingine, na swali hilo lilikuwa linanitafuta mimi. "Koili ya mwaka mmoja inakufaje? Tena nasikia pointi nazo zinaungua kila baada ya wiki chache." Kweli, pointi tulikuwa tunazipiga msasa kila mara. Hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Akafungua waya, akaweka mita ya namba, akapima ule uzi mnene wa ndani. Kwanza akagusanisha nchi za mita zenyewe kuona zinakula kiasi gani, akatoa. Ikabaki omu 1.5.

"Gari hili lina rezista ya nje? Kijiwe cha kauri hivi, kwenye waya unaotoka swichi?"

Fundi akafuata waya kwa kidole, kutoka swichi mpaka koili. Hakuna. Waya mtupu.

"Basi koili hii siyo ya gari hili."

Maelezo ni haya, na ukiwa na mkweche nyumbani yakate uyabandike ukutani. Kuna koili za aina mbili zinazofanana kama mapacha. Ya kwanza ina omu kama 3, inakula volti za betri moja kwa moja. Ya pili ina kama omu 1.5, imetengenezwa ifanye kazi pamoja na rezista ya nje. Wakati wa kupiga stata, betri inalegea mpaka volti 9 au 10, rezista inarukwa, koili inapata yote na gari linawaka kirahisi. Injini ikishawaka rezista inarudi kazini na kuipunguzia mzigo. Ni mpango mzuri kabisa, ilimradi rezista iwepo.

Sasa ifunge ya pili pasipo rezista. Gari likichaji ni volti 14. Gawa kwa 3, unapata ampea 4.7 hivi. Gawa kwa 1.5, ampea zaidi ya 9! Fizikia ile ile ya kidato cha pili niliyoisinzia. Joto linakuwa mara mbili. Pointi zinabeba mzigo usio wao, zinaungua. Koili inaokwa kila siku taratibu, ngozi ya zile nyaya inaanza kuchoka, na ikipata moto nyaya zinagusana. Ikipoa zinaachana, tesita inalia, fundi anasema nzima. Koili hudanganya ikiwa baridi.

Haya, parudie pale niliponyamaza.

Mwaka jana koili ya zamani ya Mjomba ilipovuja mafuta, nilitumwa mimi Kariakoo na shilingi 45,000. Muuzaji aliniwekea mbili mezani. Moja 45,000, nyingine 25,000. Akaniuliza, tena kwa upole: "Gari lenu lina rezista ya nje?" Mimi sijui rezista ni nini, sijui ya ndani wala ya nje. Nilichokijua ni kwamba jibu la "ndiyo" linabakiza 20,000. Nikasema ndiyo. Muuzaji hana kosa, alinipa nilichokidai. Jioni ile nilikuwa na miadi, tukala chipsi kuku, nikajiona mjanja wa mjini.

Kwa hiyo piga hesabu na wewe. Chenji yangu ya elfu 20 ilimgharimu Mjomba 172,000, wateja wawili, na shela moja kupepea kwenye bajaji.

Hapo gereji hakuna aliyejua. Fundi alikuwa anasema, "Hawa wauzaji siku hizi!" Ningeweza kuitikia. Mdomo ulishafunguka kuitikia. Nikamwona binti ananitazama, siyo kwa ubaya, ananitazama tu kama anavyotazama skrini, anasubiri mstari utulie.

Nikasema. Nilisema pale pale, halafu nikaenda Magomeni nikasema tena kwa mwenye mali, nimesimama, mikono nyuma kama mtoto wa darasa la tatu. Mjomba alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Chipsi zilikuwa tamu?" Nikashindwa kujibu. Akasema, "Lete hiyo koili inayotakiwa, kwa hela yako. Na risiti." Akaingia ndani.

Nikauza simu yangu, nikanunua ndogo ya tochi. Koili ya omu 3 ikaja, na risiti. Fundi akaweka na pointi mpya, akazirekebisha mwenyewe huku binti akimsomea kwenye skrini ni sehemu gani ya muda pointi zimefunga. Walipofika kama asilimia 60 na kitu, wakaacha. Gari likanguruma dakika 50 chini ya jua, makusudi. Mawimbi matano mwanzo, matano mwisho. Mkono wangu uliweza kukaa juu ya kikopo. Vijana waliocheka mwanzo wakaanza kumpanga foleni: dada na la kwangu, dada na pikipiki yangu.

Najua utasema huna osiloskopu. Sawa, wengi hatuna. Lakini haya manne hayahitaji skrini. Moja, gari likizima likiwa la moto, pima moto wa plagi hapo hapo, kwa kipima cheche au plagi ya akiba iliyobanwa vizuri kwenye injini, usiishike kwa mkono. Mbili, kabla ya kununua koili, jua ya kwako ni omu ngapi na kama kuna rezista njiani. Ukiulizwa na hujui, sema hujui. Tatu, usiache swichi wazi wakati injini imezima. Pointi zikiwa zimefunga, koili inaokwa bure, hata kama ni ya aina sahihi. Nne, kifaa kikifa mapema, usikizike kabla hujauliza kilichokiua.

Jumamosi iliyopita ile kazi ya mwisho ikafika. Nilikaa kiti cha mbele na ndoo ya maji miguuni, kwa woga tu. Tukatoka Magomeni saa nane mchana. Mwenge, foleni imeganda kama kawaida yake. Dakika ya 25 ikapita. Ya 30. Ya 40. Bi harusi nyuma anajipiga picha, hana habari. Mjomba anapiga mluzi.

Pale pale tulipozimikiwa mwezi uliopita, akanitazama, akatazama ndoo.

"Mwaga hayo maji," akasema. "Yananilowanishia zulia."

Nikamwaga dirishani, nikamlowanisha bodaboda mmoja. Matusi aliyonipa hayaandikiki humu. Tukutane wiki ijayo, mungu akipenda na mhariri akikubali.